Ule Wapi Uwanja wa Ndege wa Dubai Kabla ya Ndege Yako: Mwongozo kwa Msafiri wa Mara ya Kwanza

Kila msimu wa safari unapofika, maswali hunijia yale yale. Mfanyabiashara anayekwenda Guangzhou kufuata mzigo, mwanafunzi anayeanza masomo Uingereza, bibi anayekwenda kumlea mjukuu Marekani, wote huniuliza: nitakaa Dubai saa tano nikisubiri ndege ya pili, nitakula wapi? Chakula chao ni halali? Watapokea dola zangu? Nikienda kutafuta mgahawa sitapotea? Nimeyajibu kwa simu na kwa ujumbe wa sauti mara nyingi mno, kwa hiyo nimeamua kuyaandika hapa kwa utaratibu ili anayesafiri ayasome kabla hajatoka nyumbani.

Jambo linaloamua yote ni geti, yaani mlango wa kupandia ndege. Jua kwanza geti la ndege yako, fika katika ukumbi lilipo, kisha ndipo utafute chakula. Wengi huanza na chakula, na hapo ndipo wanapoharibikiwa.

Shemeji yangu alifanya hivyo. Alishuka na njaa, akaagiza wali na samaki katika mgahawa wa kwanza aliouona, akaweka mkoba chini ya kiti na kutulia akisubiri kutangaziwa, kwa sababu nyumbani amezoea kuitwa kwa kipaza sauti. Dubai hawaiti abiria kwa kipaza sauti. Taarifa za kupanda ndege hutolewa kwenye skrini. Alipoinua macho, skrini iliyokuwa juu ya njia ilionyesha maneno "Final Call" kando ya namba ya safari yake, na geti lenyewe lilikuwa katika ukumbi mwingine unaofikiwa kwa treni. Aliacha samaki nusu. Alifika mlango umefungwa, akalala kwenye viti hadi ndege ya siku ya pili, na tiketi mpya ikamla sehemu kubwa ya fedha za mzigo.

Mambo ya kuwa nayo kabla ya kuanza

Hakikisha una pasi za kupandia ndege za safari zote mbili, ile ya kukufikisha Dubai na ile ya kukutoa Dubai. Kama ulipoanzia walikupa moja tu, usitafute chakula kabla hujapata ya pili kwenye dawati la abiria wanaounganisha safari.

Uwe na kadi ya benki iliyofunguliwa matumizi ya nje ya nchi. Benki nyingi za Afrika Mashariki hufunga huduma hiyo hadi mteja aombe mwenyewe, kwa hiyo piga simu au nenda tawini siku chache kabla ya safari. Pamoja na kadi, beba dola kidogo za noti ndogo kwa ajili ya dharura.

Simu iwe na chaji. Intaneti ya uwanjani ni ya bure, na soketi za ukutani ni zile za pini tatu za mstatili kama za Tanzania, Kenya na Uganda, kwa hiyo chaja yako ya nyumbani itaingia bila adapta. Abiria kutoka Kongo, Rwanda na Burundi ambao chaja zao ni za pini mbili za duara wabebe adapta.

Beba pia chupa tupu ya maji, dawa zako katika mzigo wa mkononi, na chakula kikavu kidogo. Nitaeleza katika hatua ya pili ni chakula gani.

Uwanja ulivyo, kwa ufupi

Mwaka 2024 abiria milioni 92.3 walipita katika uwanja huu, na kazi haisimami usiku wala mchana. Ndiyo maana migahawa mingi iko wazi hata saa tisa za usiku, na pia ndiyo maana foleni ya chakula usiku wa manane inaweza kuwa ndefu kuliko ya mchana.

Kuna majengo matatu ya abiria. Terminali 3 ni ya Emirates, na ndani yake mna kumbi tatu za kupandia ndege: A, B na C. Ukumbi B umeungana moja kwa moja na jengo kuu, ukumbi C hufikiwa kwa miguu kutoka B kwa mwendo mrefu wenye mikanda ya kutembelea, na ukumbi A hufikiwa kwa treni. Terminali 1 ni ya mashirika mengi ya kigeni, likiwamo Kenya Airways, na abiria wake hupanda treni kwenda ukumbi D. Terminali 2, ambako flydubai huendesha sehemu kubwa ya safari zake, iko upande wa pili wa njia za kurukia. Abiria wanaounganisha safari hupelekwa huko kwa basi la ndani ya uwanja, na mageti yake huanza na herufi F.

Herufi ya kwanza ya geti lako ndiyo jina la ukumbi wako. Geti A12 liko ukumbi A, geti C20 liko ukumbi C. Hiyo ndiyo elimu yote ya ramani unayoihitaji ili upate chakula.

Hatua kwa hatua

1. Jua kama utalishwa ndani ya ndege, na agiza mapema unachokula.

Kabla ya safari, soma tiketi yako uone kama nauli inajumuisha chakula. Mashirika makubwa hutoa mlo katika safari ndefu, lakini baadhi ya mashirika ya nauli nafuu huuza chakula, na abiria asiyejua hukaa saa tano angani akimtazama jirani anakula. Kama unaumwa kisukari, huli nyama au una mzio wa chakula fulani, agiza mlo maalumu angalau saa 24 kabla ya kuruka. Hufanyika bila malipo katika mashirika mengi, kupitia tovuti yao au wakala aliyekukatia tiketi.

Jibu la hatua hii ndilo litakalokuambia ule kiasi gani Dubai. Anayelishwa ndani ya ndege huletewa chakula kati ya saa moja na saa mbili baada ya kuruka, kwa hiyo mlo mwepesi unamtosha. Asiyelishwa anahitaji kula hasa.

2. Funga chakula kikavu cha nyumbani.

Wapo wanaoona haya kubeba chakula. Ondoa haya hiyo. Chapati mbili, mahamri, sambusa zilizopoa, mayai ya kuchemsha, korosho, tende au ndizi hupita ukaguzi bila shida, na hukufaa pale foleni ya mgahawa inapokuwa ndefu au kadi inapogoma.

Kinachokataliwa ni majimaji. Mchuzi, uji, maziwa mgando, asali, siagi ya karanga na achari, vyote huhesabiwa kuwa vimiminika, na chombo kinachozidi mililita 100 hakipiti katika mzigo wa mkononi. Nimeona kopo la samaki wa kupaka likitupwa pipani mbele ya mama aliyelipika alfajiri ile ile. Wali mkavu hupita. Wali uliomwagiwa mchuzi unaweza kukuletea mzozo. Maziwa na uji wa mtoto mchanga huruhusiwa kwa kiasi cha safari, ila uvitoe mwenyewe na kuvionyesha.

Fungasha kwa kopo lenye kifuniko au kwa karatasi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, na hakuna haja ya kuanza safari kwa kubishana nayo.

*Onyo zito:* usibebe miraa hata fungu dogo la kutafuna njiani, na usikubali kumbebea mtu. Falme za Kiarabu huihesabu kuwa dawa ya kulevya, na kupita tu kuelekea nchi nyingine hakukupi kinga. Mbegu za mpopi ambazo waokaji hunyunyizia mikate nazo zimepigwa marufuku huko. Kagua mkate wako kabla ya kuufunga.

3. Ukishuka Dubai, fuata vibao vya "Connections" hadi umalize ukaguzi.

Abiria anayeunganisha safari hukaguliwa tena kabla ya kuingia kwenye kumbi za kupandia. Kunywa au mwaga maji yaliyomo kwenye chupa kabla ya kufika kwenye mashine. Usifuate vibao vya "Arrivals" kwa sababu umesikia harufu ya kahawa. Njia hiyo huishia uhamiaji, na bila viza huwezi kupita.

4. Soma geti kwenye skrini, hata kama limeandikwa kwenye pasi yako.

Geti lililochapishwa Dar es Salaam, Nairobi au Entebbe linaweza kubadilika kabla hujafika. Skrini ziko kila baada ya hatua chache. Tafuta namba ya safari, kwa sababu ndege mbili za kwenda mji mmoja zinaweza kuondoka kwa kupishana muda mfupi. Kama geti bado halijaandikwa, soma ni terminali gani, nenda huko, na usiagize chakula cha kupikwa mpaka litokee.

5. Piga hesabu ya saa kwa kurudi nyuma.

Hapa nawaomba msomaji awe na subira, maana makosa mengi niliyoyashuhudia yametoka kwenye saa, hata kwa watu waliosoma sana.

Kwanza, rekebisha saa yako. Dubai iko mbele ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala kwa saa moja, na mbele ya Kigali, Bujumbura na Lubumbashi kwa saa mbili. Simu hujirekebisha ikipata mtandao. Saa ya mkononi haijirekebishi.

Pili, skrini huhesabu kuanzia saa sita ya usiku, nasi huhesabu kuanzia machweo na mapambazuko. Skrini ikiandika 20:30, ni saa mbili na nusu usiku. Ikiandika 14:00, ni saa nane mchana. Ikiandika 02:15, ni saa nane na robo usiku. Mtu akisoma "02" haraka haraka, huishika kichwani kama saa mbili, na saa mbili yake ya usiku huwa imepita zamani au ya asubuhi haijafika.

Tatu, tarehe. Katika kuhesabu kwetu, hasa watu wa pwani, usiku hutangulia mchana wake, na usiku wa kuamkia Ijumaa huitwa usiku wa Ijumaa tangu jua la Alhamisi linapotua. Skrini haijui hivyo. Tarehe yake hubadilika saa sita kamili ya usiku. Safari ya tarehe 12 saa 02:15 huondoka usiku wa kuamkia tarehe 12, yaani unatakiwa uwe uwanjani tangu tarehe 11 jioni.

Sasa hesabu yenyewe. Tuseme ndege inaruka saa 02:15. Geti la Emirates hufungwa dakika 20 kabla, yaani saa nane kasoro dakika tano. Mimi huwataka watu wawe wamekaa getini saa moja kabla ya kuruka, yaani saa saba na robo. Toa dakika 15 za kutembea ndani ya ukumbi huo huo na kupita chooni: uwe umeinuka mezani saa saba kamili. Toa dakika 40 za kula bila pupa na dakika 20 za foleni na kusubiri chakula: uwe umeingia kwenye foleni ya mgahawa saa sita kamili. Andika saa hiyo mahali, au tega kengele mbili za simu, ya kuingia foleni na ya kuinuka mezani. Kama umefika katika ukumbi wako baada ya saa ya kuingia foleni, usikae mezani. Nunua cha kufungiwa ule getini.

6. Nenda katika ukumbi wako kabla ya kununua chochote.

Kama geti lako liko A nawe uko B au C, panda treni kwanza. Kama liko D au F na umeshuka Terminali 3, fuata vibao vya kuhamia terminali hiyo bila kusimama, maana basi na ukaguzi vinaweza kumaliza muda uliodhani ni wa chakula. Anayekwenda Terminali 2 ajue kwamba ni ndogo na ina migahawa michache kuliko terminali nyingine, lakini hata hivyo simshauri ale Terminali 3 kwanza ikiwa ana chini ya saa tatu. Chapati zake za nyumbani zitamfaa.

7. Chagua aina ya mahali kulingana na muda, kisha uchague chakula.

Ukiwa na zaidi ya saa moja na nusu kabla ya muda wa kuwa getini, unaweza kukaa katika mgahawa wenye wahudumu, ukaletewa orodha, ukaagiza na kusubiri. Huko ndiko utakapopata vyakula vya Kiarabu kwa utulivu: hummus (dengu zilizopondwa) kwa mkate wa moto, nyama za kuchoma, kuku wa mkaa, saladi. Usiseme tu "niletee kitu kizuri"; uliza kwanza kitachukua dakika ngapi. Wanaokuhudumia mara nyingi ni watu wa kwetu, kwa kuwa Wakenya na Waganda wengi wameajiriwa Dubai. Ukiona jina la nyumbani kwenye kibandiko cha kifuani, msalimie kwa Kiswahili, naye atakuambia ukweli kuhusu kilicho tayari jikoni na kinachochelewa.

Ukiwa na kati ya dakika 45 na saa moja na nusu, nenda kwenye eneo la meza za pamoja, ambako kaunta nyingi huzunguka meza. Hapa unalipa kwanza, unapewa risiti yenye namba, unasubiri namba hiyo itokee kwenye skrini ndogo ya kaunta. Namba hiyo nayo mara nyingi haitangazwi kwa sauti. Kaunta za Kihindi ndizo ninazopenda kuwaelekeza watu wanaouliza wali, kwa sababu wali, dengu na kuku wa mchuzi huwa vimeshapikwa na hupakuliwa mara moja. Shawarma nayo ni ya haraka, hushibisha, na inafungika ukahitaji kuondoka nayo.

Ukiwa na chini ya dakika 45, nenda kwenye kibanda cha kahawa kilicho karibu na geti lako. Utapata mkate uliotiwa kuku au jibini, matunda yaliyokatwa, mtindi na chai. Anayetaka chai ya maziwa inayofanana na ya nyumbani aulize kama wana karak, chai nzito yenye iliki ambayo Dubai huinywa kutwa.

Kuhusu halali: nyama ya ng'ombe, kondoo, mbuzi na kuku inayoingia katika Falme za Kiarabu hutakiwa kuwa na cheti cha halali, kwa hiyo katika kaunta za kawaida huna sababu ya wasiwasi. Baadhi ya migahawa yenye baa inaweza kuwa na nyama ya nguruwe, nayo hutakiwa kuandikwa wazi kwenye orodha. Ukiwa na shaka, uliza. Swali hilo huulizwa kila dakika na halimkeri mtu.

Kuhusu tumbo: ndani ya ndege mgandamizo wa hewa huwa sawa na wa mlimani, hadi kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa iliyomo tumboni hutanuka. Maharage mengi, soda na vya kukaangwa kwa mafuta mengi vitakusumbua ukiwa umefungwa mkanda. Anayekwenda safari ya saa saba au zaidi ale wali na kuku kwa kiasi, au supu na mkate, anywe maji, basi.

8. Lipa kwa utulivu na usome bei kabla.

Bei huandikwa kwa dirham. Dola moja ni dirham 3.67, na kiwango hicho hakijabadilishwa tangu mwaka 1997, kwa hiyo hesabu ni rahisi kuishika: dirham 37 ni kama dola 10. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5 imeshajumuishwa katika bei unayoiona. Chakula cha uwanjani ni ghali kuliko cha mjini, hilo nakuambia mapema ili usishtukie kwenye kaunta na watu wamepanga foleni nyuma yako.

Mashine ya kadi ikikuuliza kama ulipe kwa dirham au kwa shilingi ya kwenu, chagua dirham. Ukichagua shilingi, mashine hutumia kiwango chake yenyewe cha kubadilisha fedha, na mara nyingi ni kibaya kuliko cha benki yako.

9. Keti mahali unapoiona skrini.

Chagua kiti kinachotazama skrini ya safari, hata kama meza ya pembeni ni nzuri zaidi. Itazame kila baada ya dakika 10. Neno "Boarding" maana yake watu wameanza kupanda, inuka. "Final Call" maana yake ni wito wa mwisho, kimbia. "Gate Closed" maana yake mlango umefungwa. Mkoba wenye pasipoti uwe mapajani au mkanda wake uwe umeuzungusha mguuni, kamwe usiwe kwenye kiti cha jirani.

10. Jaza maji, pita chooni, nenda getini.

Mabomba ya maji ya kunywa yapo karibu na vyoo, jaza chupa yako hapo badala ya kununua nyingine. Vyumba vya sala pia vimo katika kumbi. Anayeswali aongeze dakika 15 katika hesabu ya hatua ya tano. Anayekwenda Marekani aongeze tena, kwa sababu safari hizo zinaweza kuwa na ukaguzi wa ziada getini.

Kwa anayeanzia safari Dubai

Kama unaishi au umekuja kununua mzigo na sasa unarudi nyumbani, kula mjini. Wafanyabiashara wetu wengi hufikia Deira, hasa mitaa ya Naif, ambako utashiba kwa fedha ambazo uwanjani zingetosha kahawa na keki tu. Ukienda uwanjani kwa metro, maliza chakula kabla ya kuingia kituoni: kula na kunywa ndani ya metro kunatozwa faini ya dirham 100, na maji ya chupa yanahesabiwa. Ndani ya uwanja usikae kula kabla ya kukabidhi mizigo. Foleni ya mizigo ya watu waliobeba maboksi haina huruma, na ukizidisha kilo utahitaji muda wa kupunguza na kufunga upya.

Mambo yakienda mrama

*Geti limebadilika nami ndiyo kwanza nimeletewa chakula.* Omba wakufungie. Sema "takeaway", wataelewa wote. Usijaribu kumaliza sahani. Mabadiliko ya geti yanaweza kuwa mabadiliko ya ukumbi.

*Kadi imekataliwa.* Jaribu kwa kuiingiza na namba ya siri badala ya kuigusisha. Ikikataa tena, tumia intaneti ya uwanjani kuingia kwenye programu ya benki yako uone kama matumizi ya nje yamezimwa. Yasipowezekana yote, badilisha dola chache kwenye duka la fedha. Maduka yasiyo na ushuru nayo hupokea fedha nyingi za kigeni na kurudisha chenji kwa dirham, na huko kuna tende, karanga na biskuti za kukutoa njaa.

*Ndege imechelewa.* Nenda kwenye dawati la shirika lako uombe kuponi ya chakula, na uombe kwa heshima lakini kwa uthabiti, anayenyamaza husahauliwa. Ikiwa umepanda ndege ya shirika la Umoja wa Ulaya kutoka Dubai kwenda nchi ya Umoja huo, sheria yao namba 261 ya mwaka 2004 inawalazimu kukupa chakula na vinywaji ucheleweshaji unapofika saa nne, ikiwa safari hiyo inazidi kilomita 3,500. Sheria hiyo hiyo inamlinda anayeondoka katika uwanja wowote wa Umoja wa Ulaya, kwa ndege ya shirika lolote. Kama dawati halina mtu, nunua chakula cha kawaida na uhifadhi risiti.

*Nasubiri saa nane au zaidi.* Kula mara mbili, kidogo kidogo, na ulale katikati. Kabla ya hapo uliza shirika lako kama tiketi yako inakupa hoteli au mlo. Swali hilo liulizwe wakati wa kukata tiketi, maana ukifika uwanjani mara nyingi jibu huwa limechelewa.

*Nimefunga Ramadhani.* Migahawa huendelea kuwahudumia wasafiri mchana, kwa hiyo mgonjwa au aliyechukua ruhusa ya safari hatakosa chakula. Anayeendelea na saumu anunue tende na maji mapema kisha akae getini. Wakati wa magharibi foleni hujaa ghafla.

*Mzee anasafiri peke yake na hasomi Kiingereza.* Ombeni kiti cha magurudumu wakati wa kukata tiketi, hata kama anaweza kutembea, kwa kuwa msaidizi atampeleka hadi getini. Mwandikieni karatasi ya mistari mitatu kwa Kiingereza: namba ya safari, kwamba hajala, na kwamba anaomba apitishwe mahali pa kununua chakula. Mwekeeni dirham kidogo mfukoni, pamoja na chapati zake.

*Nimebakiwa na sambusa za nyama na ninashuka London au Amsterdam.* Zile kabla ya kutua au uziache ndani ya ndege. Nyama na maziwa kutoka Afrika haviruhusiwi kuingizwa na abiria Uingereza wala Umoja wa Ulaya. Marekani nako nyama huzuiwa, na chakula chochote ulicho nacho lazima ukitaje kwenye forodha, hata kama ni korosho.